Ajali ya Parkingi ya Kimanga

Watu wa Uvira wameona mengi. Wameona ziwa likipanda na kulala vitandani mwao. Wameona kiboko akitoka majini mchana kweupe na kujipanga kwenye foleni ya taksi pale Kimanga, hata shoferi mmoja, Ndikumana, akamdai ushuru wa parkingi kama wanavyolipa wengine wote. Kiboko, wanasema, alirudi ziwani amenuna. Lakini asiransi, ile bima ya magari, ikimlipa mtu, hilo hakuna aliyewahi kuliona, na mji wote haukuwa na mwongo hodari wa kulisimulia.

Asiransi ilikuwa karatasi ya kubandika kwenye kioo cha mbele, ili polisi wa barabarani awe na kitu cha kusoma kabla ya kuomba ya kahawa. Kila mwaka alikuja bwana mmoja na begi, akabandika, akaondoka, na kama mtu angemuuliza siku ya ajali atapatikana wapi, bwana yule angeshangaa kwa moyo safi kabisa. Libérat alikuwa na karatasi ya mwaka huu juu ya ile ya mwaka jana juu ya ile ya mwaka juzi, mpaka kona moja ya kioo ikawa nene kama ukuta na mambo ya barabarani upande ule akawa anayakisia tu. Corolla yake ilikuwa nyeupe enzi za ujana wake. Milango ilifunguka kwa hiari yake yenyewe, na abiria, kliyan wake, akiingia, Libérat alimwomba aseme mapema anashukia upande gani, ili waanze kuubembeleza mlango tangu njiani.

Yeye ndiye alikuwa prezida wa parkingi. Alipewa cheo hicho kwa sababu moja tu: mji mzima, ni yeye peke yake aliyeweza kumkatiza Ndikumana katikati ya sentensi.

Asiransi ya kweli ya Kimanga ilikuwa nyingine, na haikubandikwa popote. Waliiita kubeba. Gari la parkingi likigonga mtu, shoferi hakimbii, wala hajitangazi. Anampeleka mgonjwa hospitali, kisha anarudi na kumnong'oneza prezida. Hapo magari yote yanaoshwa, hata yale yanayokaa juu ya mawe yakisubiri magurudumu, yanasukumwa kama hayana namna, na kupangwa mbele ya mlango wa aliyeumia, pua zikitazama ndani. Mashoferi wanakaa chini kwenye vumbi. Prezida anasema, "Ajali hii ni ya parkingi ya Kimanga. Tumekuja kuibeba." Wenye msiba wanaweza kutukana, kulia, kuwamwagia maji ya vyombo, wanavumiliwa. Wakishachoka, mkubwa wa nyumba anajibu neno moja: "Imebebwa." Tangu hapo unga, kuni, dawa, na kaburi kama imefika kaburini, vyote ni vya parkingi, na hakuna tena anayeuliza nani alikuwa ameshika usukani. Wenye nyumba hawaulizi. Mashoferi wenyewe hawaulizani. Ndiyo maana Kimanga hakuna gari lililochomwa na watu wenye hasira, na hakuna shoferi aliyeozea gerezani kwa bahati mbaya ya asubuhi moja.

Halafu ikaja Tupite.

Tupite ilikuwa aplikasiyo. Unabonyeza telefone, gari linakuja mpaka kwenye mlango wako, na shoferi anakuita kwa jina kama mjomba wako aliyepotea. Vijana walioingia humo hawakulipa ushuru wa parkingi, hawakusubiri foleni, hawakumsalimia prezida. Mashoferi wa Kimanga wakavaa mashati ya Jumapili, wakaenda kulalamika. Ofisi ya magari iliwaambia: "Tupite si gari, ile ni telefone. Siye hatuna nguvu juu ya telefone." Wakaenda ofisi ya telefone. Wakaambiwa: "Tupite si telefone, ile ni gari." Polisi wa barabarani, walipokosa kujua waombe karatasi gani, walianza kuwaomba vijana wale wawaonyeshe kama batri imejaa.

Baadaye likatoka agizo kwamba kila anayebeba watu lazima awe na asiransi ya waliomo ndani ya gari na ya walio nje. Kimanga walinyoosha vidole kwenye vioo vyao. Tupite wakaandikiana na kampuni moja ya Bukavu, na ile, jambo la ajabu, ilikuwa asiransi ya kweli.

Clovis, mtoto wa Libérat, aliingia Tupite mwezi uleule.

"Papa, minye nitafanya nini Kimanga?" alisema, akiwa ameegemea kigari chake cha kijivu, Vitz ndogo, safi hata ilitia haya kuitazama. "Foleni iko inaanzia kwa Corolla yako, na Corolla yako haiko inatoka."

"Inatoka."

"Inatoka kama mutu anatoka mu usingizi."

Ndikumana, aliyekuwa akila karanga karibu, alicheka mpaka akapaliwa. "Prezida, mutoto wako ameolewa na telefone! Utaona wajukuu, watazaliwa na chaja mu tumbo!"

Libérat hakucheka. Alimwambia mtoto wake neno moja tu, kwamba telefone haikai chini kwenye vumbi. Clovis akapandisha kioo taratibu, kwa heshima, akaondoka. Toka siku ile walisalimiana kama majirani.

Msiba ulianza kwa kosa la ramani. Ramani ya Tupite ilichorwa kabla ziwa halijapanda. Asubuhi ile, karibu na soko la Mulongwe, sauti ya msichana ndani ya telefone ilimwambia Clovis akate kushoto, na kushoto kulikuwa na samaki. Akainamisha macho aone kama njia nyingine ipo. Alipoyainua, Sidonie alikuwa mbele yake na beseni lake kichwani. Ndagala, vidagaa vya ziwani, zikatapakaa barabarani kama misumari iliyomwagika, na mama mwenyewe akalala katikati yake, mguu umepinda pasipo goti.

Clovis angeweza kugonga mtu yeyote wa Uvira. Alimgonga Sidonie wa Nyamianda, mjane wa Basile, ambaye enzi za uhai wake alikuwa shoferi wa Kimanga na rafiki wa Libérat wa kushirikiana sigara moja. Sidonie ndiye aliyemfundisha Clovis kutembea, kwa kumwonyesha kipande cha ndizi kwa mbali. Libérat alimbebea mabeseni yake kila alfajiri, na yeye alimwita "shemeji" na kumwambia Corolla ile ikifa aizike na matairi juu, ili ipumzike kidogo.

Clovis alimbeba mikononi, akamfikisha hospitali, kisha akaja Kimanga. Hakushuka. Alifungua kioo na kumnong'oneza baba yake, kama ambavyo shoferi yeyote wa parkingi angefanya.

Libérat alisimama kidogo na mkono juu ya paa la Vitz. "Iko hai?"

"Iko hai. Mufupa umetokeza. Papa, Tupite wanaomba nitoe habari palepale, mu telefone. Bakishajua, batatuma muntu wa asiransi. Lakini banakataza kuomba musamaha. Banasema nisimukaribie mugonjwa wala jamaa yake, nisiseme ni kosa ya nani."

"Usiombe musamaha?"

"Njo sheria yao."

"Kwa Sidonie?" Libérat aliingiza mkono dirishani, akaichukua ile telefone kutoka kwenye kishikio chake kama mtu anayechuma pilipili, akaizima, akaitia mfukoni. "Toka mu gari. Chukua ndoo."

Kisha aligeuka akawatazama wenzake. Jambo lenyewe lilikuwa gumu, maana Clovis hakuwa wa parkingi, na kila mtu alijua ameiacha kwa kejeli. Libérat alivua kofia. Hakulitaja jina. Alisema, "Kuko ajali. Ni ya nyumba yangu."

Wote waliiona ile Vitz na taa yake iliyovunjika. Ndikumana ndiye aliyetangulia kusema, kama kawaida yake. "Muntu wa telefone abebwe na telefone!"

Libérat alibaki na kofia mkononi, na kichwa chake kilichoanza upara kilionekana kidogo mno chini ya jua.

"Vaa kofia, Prezida," Ndikumana akasema kwa sauti nyingine kabisa. "Unatuonyesha uchi ya kichwa, siye tulikosa nini?" Akachukua ndoo, akawa wa kwanza kuosha, na hakuanza na gari lake. Alianza na Vitz.

Magari yalipangwa katika uwanja wa hospitali, pua zikilitazama dirisha la wadi ya wanawake. Masista walitoka wakifoka kwamba pale si parkingi. Mashoferi walikwishakaa chini. Clovis alikaa katikati yao, akiinamisha uso, sawa na wengine. Libérat akayasema maneno. Jolie, binti pekee wa Sidonie, alisimama mlangoni akiwa na kitenge cha mama yake chenye damu, akawatukana kwa Kifuliiru na Kiswahili mpaka sauti ikamkauka. Aliwaita wauaji, walevi, watoto wa bata. Walivumilia. Ndipo sauti ya Sidonie ikatoka dirishani, dhaifu lakini yenye kucheka.

"Jolie, acha bata za watu. Shemeji, imebebwa."

Wanaume wazima walilia pale kwenye vumbi. Libérat alimwona Clovis akijifuta kamasi kwa mkono wa shati kama mtoto, akasema moyoni kwamba mwanawe amerudi nyumbani. Baadaye, jambo ambalo halikumtoka tena akilini ni furaha ile.

Clovis aliiomba telefone yake jioni, akapewa. Aliiwasha, akatoa habari kama Tupite walivyotaka. Hakumwambia mtu, alidhani vitu viwili vyema haviwezi kugombana.

Baada ya siku chache mtu wa asiransi alifika kutoka Bukavu akiwa na koti lenye mistari ya kung'aa na kitambulisho shingoni. Jina lake Frédéric, kijana mwenye adabu na viatu visivyojua matope ya Uvira. Alikwenda moja kwa moja Kimanga na swali ambalo katika mji ule halijawahi kuulizwa na mtu mwema.

"Nani alikuwa anaendesha gari iliyogonga ule mama?"

Wanaouliza nani alikuwa anaendesha ni wale wanaotaka kumfunga. Au wanaotaka kumkamua, kisha wamfunge. Mashoferi walimtazama Frédéric, wakatazama kitambulisho chake, na nyuso zote zikafungwa kama maduka siku ya fujo.

"Minye ni wa asiransi," Frédéric alisema.

"Hata yule wa begi anasema vile," Ndikumana alijibu. "Na weye karatasi yako ni rangi gani mwaka huu?"

"Papa, minye naomba tu kujua. Iko Vitz ya Tupite, ya kijana Clovis, sivyo?" Aliinua telefone yake ili inase sauti.

Clovis alifungua mdomo. Libérat akamkanyaga mguu, akakandamiza.

"Ajali ni ya parkingi ya Kimanga," Libérat alisema kwenye ile telefone, polepole, kwa sauti yake ya prezida.

"Ni ya parkingi," Ndikumana akasema.

Telefone ile ilipita mkononi mwa kila mtu, na kila mtu alisema vilevile. Hata muuza karanga alisema ni ya parkingi, ingawa hana leseni hata ya baiskeli. Ilipofika kwa Clovis, aliishika kwa muda. Alimtazama baba yake, akawatazama wale waliomwoshea gari. Akasema, "Ni ya parkingi."

Frédéric alikwenda hospitali kumuuliza mgonjwa. Libérat alimfuata na Corolla ili ahakikishe asimsumbue. Sidonie alikuwa na homa tayari, midomo imekauka. Akasikiliza swali mpaka mwisho, akasema: "Ni parkingi ya Kimanga. Na imekwisha kubebwa. Weye mutoto, umekula?"

Frédéric alirudi nje, akaitia telefone mfukoni. Hakuwa na hasira. Alionekana kama mtu aliyepoteza kitu.

"Basi imeisha, Papa. Ningepata kwamba ni gari ya Tupite, tungemuvusha leo hii mpaka Bujumbura, kuko munganga wa mifupa, kila kitu kwa kampuni. Nilikuja na ruhusa yote. Lakini kama ni gari ya parkingi, hapo ni asiransi ya parkingi njo itamuvusha."

Libérat aligeuza kichwa na kuitazama kona ya kioo cha Corolla, karatasi juu ya karatasi juu ya karatasi. Akaitazama kwa muda mrefu, kana kwamba ikitazamwa sana itaona haya na kufanya kazi.

"Unasema munalipa?" aliuliza.

"Njo kazi yetu."

"Munalipa kweli? Muntu anapona?"

"Papa, ju ya nini hamukusema?"

Frédéric akaanza kuondoka, na hapo ndipo Libérat alipokimbia nyuma yake hadi barabarani. Alimwambia yote: ni Clovis, ni mutoto yangu wa kuzaa, ni Vitz, taa iko imevunjika, njoo uone. Frédéric alisikiliza, akatikisa kichwa. Sauti zilikwisha kwenda Bukavu. Watu wote wa parkingi wamesema hivi, na sasa baba wa shoferi anasema vile kwa kuwa amesikia kuna malipo. Wakubwa wataita huo ni wizi. "Mama mwenyewe akigeuza maneno yake, nitatuma tena. Yeye tu. Nitangoja mpaka kesho."

Parkingi ingeweza kumvusha mpaka kwa gari, hilo halikuwa tatizo. Lakini hospitali ya ng'ambo ilitaka asiransi, au pesa ambazo Kimanga yote, ikiuzwa na magari yake na wenyewe ndani, isingezifikia. Kwa hiyo kila kitu kilibaki kwenye mdomo wa Sidonie.

Libérat aliingia wadini, akakaa ukingoni mwa kitanda. Jolie alikuwa ametoka kutafuta barafu. Mguu ulifunikwa kwa shuka lakini harufu haikufunikika.

"Sidonie, yule kijana si wa polisi. Ni asiransi ya kweli. Inalipa."

"Shemeji, hata leo unanitungia hadithi?"

"Naapa. Sema tu ulimuona Clovis. Sema jina."

"Nilimuona Clovis. Mutoto mwenyewe alikuwa amepanua macho kama samaki mukeke kwenye kapu." Alipumua kidogo. "Siwezi kusema."

"Clovis hatafungwa, kampuni itamusimamia. Hata akifungwa, afungwe! Minye baba yake ninasema."

"Si juu ya Clovis." Akamwonyesha kikombe, Libérat akamnywesha. "Unakumbuka Kasenga? Ule mutoto wa mama mushonaji?"

Libérat alikumbuka. Miaka mingi ilikuwa imepita. Magari yalipangwa mbele ya mlango wa mshonaji, na yeye, akiwa kijana bado na hajawa prezida, alikaa vumbini bila kujua wamekuja kwa ajili ya nani. Baadaye hakuuliza.

"Ilikuwa Basile," Sidonie alisema. "Aliniambia siku anakufa, na minye ninakuambia weye. Ule mama ni kliyan yangu mpaka leo. Ananunua ndagala, ananishonea, ananiuliza habari ya Jolie. Alisema imebebwa, akatuachia maisha yetu. Sasa minye, juu ya mufupa wangu, niseme haibebwi? Watu watasema jina moja, watazoea. Watasema na lingine. Watafika kwa Basile."

"Basile iko mu udongo. Haina kitu inamuuma."

"Ule mama haiko mu udongo."

"Sidonie, utakufa."

"Nitakufa au nitatembea na fimbo, nani anajua." Akajaribu kucheka. "Shemeji, usinilazimishe. Minye nimechoka, na nikichoka ninaweza kukubali, kisha utakuwa umenifanyia ubaya."

Libérat alikuwa na maneno mengi. Mtu anayeweza kumkatiza Ndikumana hakosi maneno. Angeweza kumwambia kwamba mama wa Kasenga amehama, ama amekufa, angeweza kutunga hata mazishi yake na nani alikuja na amevaa nini. Alilifungua domo lake. Sidonie alikuwa akimtazama kwa macho ya mgonjwa anayemwamini mtu. Akalifumba.

Hakumlazimisha. Lakini kesho yake, Frédéric alipopita Kimanga kabla ya kupanda gari la Bukavu, Libérat alisimama katikati ya parkingi, mbele ya wote, akamwita mtoto wake kwa jina. "Ni Clovis wa Libérat!" alipiga kelele. "Aligonga Sidonie na gari ya Tupite! Si parkingi! Parkingi ilidanganya!" Aliyarudia mpaka watu wakatoka madukani. Clovis alisimama mlangoni mwa Vitz, akasema, "Ni kweli. Ni minye." Frédéric alizinasa sauti zao zote mbili, kwa huruma, akasema atajaribu. Hakuna kilichokuja. Bukavu walijibu kwa maneno mafupi kwamba mgonjwa mwenyewe ameshataja gari la nani, na Tupite wakamfuta Clovis kwa kuvunja masharti.

Parkingi haikumpigia Libérat kelele. Ndikumana alikuja, akasimama mbele yake, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyehitaji kumkatiza.

"Tulimubeba mutoto wako, Papa Libérat," alisema. Hakumwita tena Prezida. "Haikuwa wetu, tukamubeba. Umemushusha mbele ya watu wote. Sasa ni mutu gani atatuamini tukikaa chini ya mulango wake?"

"Nilitaka apone."

"Siye wote tulitaka."

Waganga wa hospitali walimkata Sidonie mguu, lakini sumu ilikwishapanda. Alifariki siku ya Jumapili, kanisani wakiwa bado wanaimba, na Jolie akiwa amemshika mkono ambao bado ulinuka ndagala hata baada ya kuoshwa mara nyingi.

Matanga yalikuwa Nyamianda, uani, chini ya hema la kukodi. Magari ya Kimanga yalikuja yote, yameoshwa. Lakini hayakuelekeza pua mlangoni. Yaliugeuzia mlango mgongo, kama magari ya wenye nyumba, kwa kuwa Sidonie alikuwa mjane wa Basile na Basile alikuwa wao. Mashoferi walikaa kwenye viti, upande wa wafiwa, nyuma ya Jolie. Upande wa waliokosa, kwenye vumbi, palikuwa pamefagiliwa nafasi kubwa, maana miaka yote nafasi ile ilikaliwa na watu wengi. Libérat na Clovis walikuja wakakaa humo, wawili tu, na walionekana kama vitu vilivyosahauliwa sokoni.

Libérat alijua maneno kuliko mtu yeyote Uvira. Aliinuka. "Ajali hii ni ya..." alianza, na hapo hakuwa na la kuweka. Aliwatazama wenzake upande wa pili. Ndikumana alikuwa akitazama viatu vyake. "Ni ya Clovis," Libérat akasema. "Na ni yangu minye baba yake. Tumekuja kuibeba."

Hakuna aliyetukana. Hakuna aliyemwaga maji. Ingekuwa nafuu. Wanawake wa sokoni walikaza vitenge vyao, na mwanga wa jua, ambalo Uvira huwahi kujificha nyuma ya milima, ulianza kuondoka kwenye hema na kuelekea ziwani.

Jolie aliinuka. Yeye ndiye mkubwa wa nyumba sasa, na neno lilikuwa lake. Alivuka ile nafasi tupu akasimama mbele ya Clovis. Hakuna mfiwa wa Uvira aliyewahi kusimama mahali pale, kwa kuwa hakuna aliyewahi kujua asimame mbele ya nani.

"Weye njo ulikuwa pale," alisema. "Minye sikukuwa. Alipoanguka, alisema nini?"

Clovis alimtazama baba yake, na safari hii Libérat hakuwa na mguu wa kukanyaga.

"Nilitoka mu gari nikikimbia," Clovis alisema. "Nikamuita, Mama Sidonie, Mama Sidonie. Akafungua macho. Akaniambia..." Akasita, akiona haya mbele ya watu wote wale. "Akaniambia, Clovis, kwanza zima moteri, mafuta iko inapotea."

Mtu mmoja kati ya mashoferi alipasuka kicheko, kikamtoka bila ruhusa, na wa pili akafuata, na wanawake wa sokoni wakacheka huku wakijipiga mapaja, maana ilikuwa Sidonie mwenyewe, mke wa shoferi mpaka kwenye damu yake. Kisha kicheko kikageuka katika vifua vyao kikawa kilio, na kilio kikajaa uani.

Jolie hakucheka wala hakulia. Hakusema imebebwa. Alichuchumaa kwenye vumbi mbele ya Clovis, karibu, kama mtu anayesikia vibaya.

"Sema tena," alisema.

Clovis akasema tena.

"Sema kama alivyosema. Sauti yake."

Clovis alijaribu kuifanya sauti yake. Kando yake Libérat alikaa na mikono mapajani, akamsikiliza mtoto wake akiirudia, na kuirudia, mpaka kivuli cha milima kikawafunika wote.